Kijana msanifu, umeona nini njiani leo?

MSOMAJI mpendwa, hebu nikuulize swali dogo kabla hujafungua ukurasa mwingine. Mara ya mwisho ulipotoka nyumbani kwenda mjini, ni mabango mangapi yaliyokupita machoni? Na kati ya hayo, ni lipi unaloweza kulichora sasa hivi bila kulitazama tena?

Nauliza kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyu anasomea usanifu wa michoro katika chuo kimoja hapa jijini, na kama wanafunzi wengi, ana deni la karo. Mwezi uliopita alipata kibarua chake cha kwanza. Mama mmoja wa Kawangware, ambaye kwa miaka mingi ameuza njugu za kukaanga kando ya barabara, ameanza kusaga njugu hizo na kuzitia katika vichupa. Akataka lebo. Wakapatana shilingi elfu nne, nusu kwanza na nusu kazi ikimalizika.

Mpwa wangu akajifungia chumbani siku tatu na simu yake. Akapekua picha za lebo za Ulaya na Marekani, akachukua rangi hapa na herufi pale, akatoa kitu cheupe kinachong'aa chenye jani dogo la kijani. Mama yule akakitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, ni kizuri. Lakini wateja wangu watadhani nauza dawa ya meno." Ile nusu ya pili ikabaki imefundikwa penye pindo la leso.

Jumamosi asubuhi kijana akaja kwangu ameinamisha kichwa. "Mjomba, sina wazo hata moja lililobaki," akasema. Nikamwambia aiache simu mezani, achukue kijidaftari na penseli, tutembee.

Tulianzia palepale Kawangware, mbele ya kibanda cha kinyozi. Unakijua kibanda cha aina hiyo: vichwa vitatu vimechorwa ukutani kwa mkono, kila kimoja na mtindo wake wa nywele, na juu yake jina kwa herufi nene zenye kivuli chekundu upande mmoja. Nikamwuliza, "Kivuli hicho ni cha nini?" Akajibu kuwa ni urembo tu. Tukavuka barabara, tukageuka. Kutoka ng'ambo ile, herufi zilionekana kana kwamba zimetoka ukutani, na jina likasomeka wazi hata watu na mikokoteni walipokuwa wakipita kati. Fundi aliyeandika alimfikiria mtu wa ng'ambo ya barabara. Mpwa wangu hakusema neno, lakini aliandika.

Tukapanda gari la nambari 46 kuja mjini. Je, umewahi kuitazama matatu kama kazi ya usanifu? Sheria za mwaka 2004, wakati Waziri wa Uchukuzi alipokuwa marehemu John Michuki, zilileta ule mstari wa manjano ubavuni mwa magari, na michoro mingi ikafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wayapambe magari, na rangi zikarudi kwa kishindo. Lakini tazama vizuri. Hata katika gari lenye nyuso za wanamuziki na taa za kila rangi, nambari ya njia huandikwa kubwa mbele, pasipo mbwembwe. Abiria aliye kituoni ana nukta chache tu za kuamua kama atainua mkono. Madoido yana nafasi yake, na habari ina nafasi yake. Mpwa wangu alikiri kuwa kwenye lebo yake, lile jani lilikuwa kubwa kuliko jina la mama.

Tulishuka Kencom, tukatembea kidogo hadi mbele ya jumba la KICC. Jumba hili lilikamilika mwaka 1973. Walilisanifu Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na Mkenya David Mutiso. Nikamwambia kijana atoe noti yoyote mfukoni, ya zile zilizotolewa mwaka 2019. Picha ya jumba lilelile imo katika kila noti, ya shilingi 50 hadi ya 1,000. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu binafsi kuwekwa kwenye pesa zetu, kwa hiyo ilibidi kutafuta alama ya nchi nzima. Hapo nikamtaka afumbe jicho moja na kuchora jumba lile kwa mistari mitano tu. Mnara wa mviringo, kichwa kilichopanuka, na kando yake ule ukumbi uliochongoka mfano wa pia. Likatambulika! Umbo linalotambulika kwa mistari mitano halipotei hata likipunguzwa likawa dogo kama stempu.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa Biashara Street, mtaa wa maduka ya kanga na vikoi. Sisi hujifunga kanga, hubebea watoto na hata kupangusia meza, lakini ni nani anayeitazama? Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno machache. Pindo linazuia jicho lisitoke, mji unalivuta ndani, na jina linasema lake kwa mstari mmoja. Walioianzisha katika pwani yetu ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 hawakuwa na kompyuta. Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka lake Mombasa mwaka 1887, alitia kwenye kanga zake maneno "Mali ya Abdulla", na mpaka leo wanunuzi wanayatafuta. Hiyo ni nembo, tena iliyodumu.

Na usidhani mambo haya hayana thamani kwa wengine. Katika miaka ya 2006 na 2007, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Wafumaji na wauzaji wa huku wakalalamika, wakapinga, na ombi hilo halikufaulu. Tunachokipita kila siku bila kukitupia jicho, mwingine alikiona na kukitamani.

Hata hivyo, kujifunza si kunakili. Michoro ya matatu ina mwenyewe, na kanga vilevile. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi ya msanii. Azima sababu ya kitu, usiibe kitu chenyewe. Kivuli cha yule fundi wa Kawangware kina sababu. Itafute sababu hiyo, kisha uitumie kwa njia yako.

Jioni tulirudi Kawangware. Safari hii kijana hakumwonyesha mama chochote. Alikaa kando ya karai lake la njugu akatazama. Aliona rangi ya maganda, kahawia iliyoiva kuelekea wekundu. Aliona mikono ya mama ikikunja kipande cha gazeti kikawa mfano wa pia, ikajaza njugu, ikabana juu. Mteja wa kwanza, wa pili, wa kumi. Akatoa penseli.

Lebo ya pili ilikuwa na ile pia ya karatasi katikati, jina la mama kwa herufi nene, na rangi ya maganda ya njugu. Hakuna kingine. Mama akacheka alipoiona. "Hii hata asiyejua kusoma atajua ni yangu," akasema, akaanza kufundua leso.

Basi wewe mwanafunzi, jiwekee desturi. Kila siku chora vitu vitatu ulivyoviona njiani, na kando ya kila kimoja andika kwa nini kimefanywa hivyo. Simu itakuonyesha waliyoyafanya wengine kwa wateja wao. Haitakuonyesha karai la mama wa Kawangware. Nanyi wazazi, mtoto akisimama kutazama kibao cha kinyozi, msimvute mkono kwa haraka. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kazi yetu ni kuyapa nafasi ya kutazama.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.