Gesi ya Tanzania na Msumbiji: nani tajiri, na tajiri lini?

Simama Maili Moja, Kibaha, muulize anayebeba mtungi kwenda kubadilisha: gesi hiyo inatoka wapi? Wapo watakaokujibu "Mtwara". Siyo. Gesi ya mitungi huletwa na meli kutoka nje na kushushwa Dar es Salaam na Tanga. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay husafiri kwa bomba, na nyingi inaishia kwenye mitambo ya umeme na viwandani.

Kinyerezi, si mbali na Kisarawe, kuna mitambo mikubwa inayokula gesi hiyo. Ila barabara za Kisarawe bado zinapitisha mkaa kwenda Dar, na msitu wa Kazimzumbwi umeulipia mkaa huo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo serikali inaposema nchi ina gesi futi za ujazo trilioni 57, mtu wa Kisarawe ana haki ya kuuliza: ina thamani gani kwangu, na lini?

Jirani wa kujilinganisha naye ni Msumbiji. Nchi hizi mbili zilianza karibu pamoja. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo, na mwaka huohuo Msumbiji ikaanza kuipeleka gesi ya Pande na Temane Afrika Kusini. Kuanzia 2010 wote wakapata gesi kubwa baharini. Msumbiji ina zaidi ya trilioni 100. Ukigawa kwa vichwa, pengo linazidi: Mtanzania mmoja anapata kama futi 920,000, Mmsumbiji zaidi ya milioni 3.

Lakini hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu inahesabu gesi kama vile tayari ni hela.

Watu wa Kibaha wanajua viwanja. Ukinunua kiwanja ukakiacha, barabara ikapanuliwa, reli ya SGR ikapita, bei inapanda wewe umelala. Gesi haiko hivyo. Ukipiga hesabu ya asilimia 10 kwa mwaka, ambayo si ya ajabu kwa miradi hii, dola 1 utakayoipata baada ya miaka 10 ina thamani ya senti 39 leo. Baada ya miaka 20, senti 15.

Bei nayo haitulii. Mapema 2014 gesi ya kimiminika barani Asia iliuzwa karibu dola 20 kwa kipimo cha soko. Mwaka 2020, kipindi cha korona, ilishuka chini ya dola 3. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, ilivuka 50. Gesi ileile, chini ya bahari ileile.

Nani alikuwa tayari 2022? Msumbiji, kwa meli moja. Mtambo unaoelea wa Coral Sul ulisafirisha shehena ya kwanza Novemba mwaka huo. Tanzania haikuwa na cha kuuza nje.

Hata hivyo, kuwahi kuliiponza Msumbiji pia. Makampuni ya serikali yalikopa kwa siri takriban dola bilioni 2 mwaka 2013 na 2014, kwa tumaini la gesi ambayo haijachimbwa. Siri ilipofichuka 2016, wafadhili wakasitisha misaada ya bajeti na uchumi ukayumba. Mwaka uliofuata vita vikaanza Cabo Delgado. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na Total ikasimamisha mradi wake wa dola bilioni 20 hadi Novemba 2025. Nchi ilitumia utajiri kabla ya kuupata.

Tanzania haikuingia shimo hilo. Shimo lake ni la kusubiri. Mwaka 2017 zilipitishwa sheria za kulinda rasilimali, hoja ikiwa ya msingi kabisa: taifa lisiibiwe. Wawekezaji wakapunguza mwendo. Januari 2021 Equinor ya Norway iliufuta kwenye vitabu vyake mradi wa Lindi, thamani ya dola milioni 982. Juni 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma, Mei 2023 ikatangazwa mazungumzo yamekamilika, na mkataba wenyewe haukusainiwa. Wakati huohuo Qatar na Marekani wanaongeza mitambo, na Oktoba 2025 ulipitishwa uamuzi wa kuwekeza katika mtambo wa pili unaoelea wa Msumbiji.

Kinachosahaulika ni gesi ndogo, ile ya bomba. Hiyo kwa miaka mingi ilitoa zaidi ya nusu ya umeme wa gridi, ikaliepusha taifa na gharama ya kuchoma mafuta ya kuagiza. Imelipa zaidi ya trilioni zote zilizolala baharini. Sasa Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, limechukua sehemu ya kazi yake, maana yake bomba lina nafasi.

Bomba hilo, lililojengwa kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola bilioni 1 na kukamilika 2015, linapita Mkuranga, mkoa uleule wa Pwani. Kutoka hapo hadi jikoni Kisarawe ni kilomita chache kuliko zinazosafiriwa na mtungi wa Maili Moja.