Neno kwa Wanafunzi: Fundi Aulizwapo «Kwa Nini?»

Juma hili twataka kusema na vijana wanaojifunza ufundi wa mitandao ya kompyuta, na pamoja nao wazazi wanaowalipia masomo. Mtu aweza kuwa hodari wa kazi kwa mikono yake, na bado akaanguka mtihani, kwa kuwa hakujizoeza kueleza anachokifanya.

Mfano wa jambo hili twaupata katika cheti kiitwacho CCIE, cha kampuni ya Cisco ya Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1993. Mtahiniwa huingia maabarani, akakaa humo muda wa saa 8 akitengeneza mtandao wa ruta na swichi, yaani vyombo vinavyopitisha habari toka kompyuta moja hata nyingine. Maabara za mtihani huo zilikuwa chache duniani. Moja ilikuwa Brussels. Kwa hiyo wengi walipanda ndege na kutumia fedha nyingi ili kupimwa siku moja tu.

Basi wenye mtihani waliona hatari. Kazi za maabarani zilivuja, na watu wakazikariri kabla ya kufika. Ndiyo sababu, tangu tarehe 1 Februari 2009, tawi la ruta na swichi liliongezewa maswali manne au matano yasiyo na orodha ya majibu ya kuchagua. Mtahiniwa aliandika jibu lake mwenyewe, kwa maneno machache. Tena ilimpasa kushinda pande mbili, maswali na kazi. Aliyefanya kazi yake vizuri mchana kutwa aliweza kurudi kwao bila cheti kwa ajili ya nusu saa ya maswali.

Maswali hayo yaliondolewa katika tawi hilo mwezi wa Mei 2010. Je, shauri limekwisha? La, hasha. Yeye anayetafuta fundi wa kuajiri huuliza vivyo hivyo, na hana orodha ya majibu ya kukuonyesha.

Tutazame swali moja. Ruta mbili zatumia itifaki ya OSPF. Zaonana na kusalimiana, lakini ujirani wao umekwama katika hali iitwayo ExStart. Kwa nini? Mwanafunzi aliyekariri hukumbuka amri moja ya kuandika, na mara ujirani hukamilika. Lakini ukimwuliza sababu, hunyamaza. Aliyefahamu hujibu: «Kipimo cha MTU kimetofautiana.» Yeye ajua kwamba kila ruta, ianzapo kueleza hazina yake ya njia, hutaja ukubwa wa pakiti iwezao kupitisha, na ruta yenye kipimo kidogo hukataa ujumbe wa mwenziwe mwenye kipimo kikubwa. Tena ajua kwamba ile amri huiambia ruta isiangalie tofauti hiyo, wala haiiondoi. Wawili hao mikono yao ni sawa. Ufahamu wao haufanani.

Sasa, mwanafunzi ajitayarishe namna gani?

Kwanza, kila amri unayoijua uiulize maswali matatu: Yafanya nini? Kwa nini yahitajiwa? Isipokuwapo, ni kitu gani kitakachoharibika? Andika majibu katika daftari. Pale kalamu inaposimama, ndipo penye ufa. Nawe wajua ya kuwa usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, jizoeze kujibu kwa ufupi. Ukiulizwa ni swichi ipi itakayokuwa mzizi katika spanning tree, usisimulie habari zote za swichi. Sema: «Ile yenye kipaumbele cha namba ndogo kuliko zote, zikilingana, yenye anwani ndogo ya MAC.» Yatosha.

Tatu, soma swali mara mbili kabla ya kujibu. Kuna swali linalotaka sababu, na lingine linalotaka dawa. Aliyeulizwa kwa nini ujirani umekwama, akajibu namna ya kuufungua, hakujibu alichoulizwa, hata kama dawa yake ni nzuri.

Nne, usijifunze peke yako daima. Tafuta mwenzako akuulize, naye asikubali neno «ndivyo ilivyo». Hata mama yako asiyejua ruta aweza kukusaidia. Mweleze kazi yako mpaka aelewe. Ukishindwa kumweleza, usidhani ya kuwa yeye ndiye mzito wa kufahamu. Mara nyingi ni wewe ambaye hujafahamu vema.

Nanyi wazazi, msiridhike kuona cheti ukutani tu. Mtoto arudipo shuleni, mwulizeni: «Leo umejifunza nini, na faida yake ni nini?» Asijibu kwa haraka tu ili aende zake kucheza. Swali hilo halina ada, nalo humzoeza tangu utoto kutoa sababu ya neno lake.

Mwenye kununua majibu ya wengine hushinda siku moja. Usiku mtandao wa hospitali au wa benki utakapokatika, hapatakuwa na karatasi ya kunakili, na watu watamtazama yeye.