Pasipoti mpya haifuti kwao

Bila shaka, msomaji mpendwa, katika ukoo wenu yupo mmoja aliyekwenda Uingereza kusoma au kuuguza wagonjwa, na sasa zimekuja habari kwamba amekuwa raia wa huko. Wazee wananung'unika: "Huyo tumempoteza." Je, ni kweli?

Kwanza ujue kwamba uraia huo hauokotwi njiani. Kwa kawaida mgeni huhitajika kuishi huko miaka 5, na katika muda huo asiwe nje ya nchi kwa zaidi ya siku 450. Ada yake inapita pauni 1,500. Kuna pia mtihani wa maswali 24 kuhusu historia na desturi za Waingereza. Mwishowe, mbele ya hadhara, huapa kuwa mtiifu kwa Mfalme.

Kiapo hicho ndicho kinachowachoma wazee. Zamani walikuwa na sababu, kwani Mkenya aliyechukua uraia wa kwingine aliupoteza wa kwao. Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 16, yasema kwamba Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Sheria ya 2011 yamtaka tu aiarifu serikali katika muda wa miezi 3.

Hata hivyo, tusidhani kwamba karatasi pekee humfanya mtu kuwa wa mahali. Mnamo 1968, Wahindi wengi walioishi hapa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza. Walipoanza kuhamia huko kwa wingi, bunge la London lilipitisha upesi sheria ya kuwazuia wasiokuwa na mzazi au babu aliyezaliwa kule. Pasipoti walikuwa nazo mkononi, lakini mlango ukafungwa.

Basi msomaji, mtu huwa wa mahali kwa kupokewa, na kwa yale anayoyatenda pale. Ndugu yako akija Desemba, usimwite mgeni wala Mzungu. Mpe mwiko asonge ugali kama zamani. Watoto wake wafundishwe majina ya babu na nyanya zao. Naye asingoje matanga ndipo akumbuke nyumbani.

Wahenga walinena kwamba mkana kwao ni mtumwa. Lakini ikiwa yeye hajatukana sisi, kwa nini sisi tumkane?