Kabla Uniulize Dubai Wanalipa Ngapi

Kila wiki inboksi yangu inajaa swali moja tu: "Buda, Dubai wanalipa ngapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza dawa ya jino inanunuliwaje huku, ama pesa ya mama inafikaje nyumbani. Na hivyo vitu vidogo ndivyo vilivyonimaliza miezi miwili ya kwanza.

Nilikuja na visa ya matembezi, kama wengi wetu. Nikapata kitanda cha juu huko Deira, chumba cha watu wanane. Siku ya pili nikapanda basi, nikamnyooshea dereva noti ya dirham kumi. Akatikisa kichwa, akanionyesha mlango. Kumbe basi la huku halichukui pesa mkononi, ni kadi ya Nol tu. Ile ya kawaida ni dirham 25, na ndani yake kuna 19 za nauli. Hakuna makanga wa kumwambia "nimepungukiwa na kumi, nitakusort kesho." Ukila ndani ya metro, faini ni dirham 100. Ukivuka barabara mahali pasipofaa ni 400, yaani kama elfu kumi na nne za kwetu. Wewe uliyezoea kukatiza Tom Mboya katikati ya matatu, hiyo itakumaliza.

Halafu jino likaanza. Kwetu ungeenda chemist ya mtaani, useme "nipe amoxil ya mia," yaishe. Sheria hata Kenya ipo, lakini yule wa chemist anakujua. Huku dada wa duka la dawa aliniuliza karatasi ya daktari iko wapi. Sikuwa na bima, na bei ya kumwona daktari ilikuwa karibu na kodi ya kitanda changu. Nikasukutua maji ya chumvi siku nne. Ukweli ni kwamba yule dada alikuwa sawa, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi.

Nikataka kumpigia mama nimlilie kidogo. Meseji za WhatsApp zinaenda, lakini simu ya WhatsApp haishiki, imefungwa nchi nzima. Mama alikaa siku mbili akidhani nimeshikwa na polisi, hadi binamu alipomwekea Botim.

Lakini iliyonigusa zaidi ni ya pesa. Nilikuwa nimefanya vibarua, na wacha niseme wazi, visa ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi. Nikaenda na dirham zangu 300 mahali pa kutuma pesa, wakaniomba Emirates ID. Sina. Ikabidi nimpe jamaa wa chumbani anitumie kwa jina lake, naye akakata 20 zake. Mama hakuamini hadi nilipomtumia picha ya risiti, risiti ya mtoto wake yenye jina la mtu mwingine. Siku hiyo nilielewa kwamba bila ile kadi, hata wema unaufanya kwa jina la kuazima. Na jamaa akiamka vibaya, utamshtaki wapi?

Mahali pekee nilipojisikia mtu ni kile kiduka cha chini ya jengo letu. Mzee wa Pakistan. Nilikosa neno la Kiingereza, nikasema "sabuni," akanipa sabuni. "Chai," akanipa majani. Hata duka analiita dukan! Ukimpigia simu anakuletea mkate hadi mlangoni, na ukikosa anaandika kwenye daftari, kama tu kule mtaani.

Sasa mimi pia nina makosa. Video yangu iliyotazamwa zaidi ni ile ya chini ya Burj Khalifa, nikicheka. Siku niliyoirekodi jino lilikuwa limevimba, na nilikuwa nimechagua upande wa uso usioonekana. Video ya kadi ya Nol? Hakuna mtu aliiangalia.

Kuna watu husema nikiongea hivi ninafungia wenzangu njia. Mimi sisemi usije. Ninasema, huyo ajenti akikutajia mshahara, muulize visa ni ya kazi ama ya matembezi, na nani anakulipia Emirates ID. Muulize bima ya afya, kwa sababu Dubai kisheria ni mwajiri anayetakiwa kukuwekea. Akianza kuzungusha maneno, shika simu yako uende nyumbani.

Juzi kijana wa Kitale aliniandikia kwamba baba yake yuko tayari kuuza ng'ombe wawili apate visa ya matembezi. Nilimrekodia sauti ya dakika sita, nikamweleza haya yote, jino, risiti na kila kitu. Akasikiliza hadi mwisho, niliona.

Akajibu: "Asante sana buda. Lakini kwa mwezi wanalipa ngapi?"