Tahadhari Isiyofika Jikoni

Mmezoea kutusoma tukizungumza juu ya shela, madera ya Idi na namna ya kukata abaya isikuvute mabegani. Leo mkasi tumeuweka pembeni. Sisi ni mafundi na wauzaji wa nguo huku Balangdalalu, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, mbali na bahari yenu, Waislamu wachache kati ya majirani Wabarbaig, Wairaqw na Wanyaturu. Kuna sentensi mbili zimetuchosha, na kila mvua za vuli zikikaribia tunazisikia upya. Ya kwanza husemwa na wenye ofisi: "Tahadhari ilitolewa." Ya pili tunaisema wenyewe, tena tukiwa na tasbihi mkononi: "Ni qadari, tungefanyaje?"

Tuanze na yaliyotokea, maana wengine mliona picha tu kwenye simu. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilinyesha sana. Alfajiri, sehemu ya Mlima Hanang ikakatika. Serikali ilieleza baadaye kwamba miamba laini ya mlima ilinyonya maji ikazidiwa, ikamegeka, na tope likashuka kwa njia za maji likiwa limebeba mawe na miti mizima. Likapita Gendabi, Jorodom na Ganana, likaingia mji mdogo wa Katesh, makao makuu ya wilaya yetu. Waliofariki walifika 89. Katika siku zile za mwanzo zilitajwa kaya 1,150 zilizoathirika, zenye watu wapatao 5,600. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, akakatisha safari akaja Katesh.

Desemba huku ni mwezi wa harusi. Nguo tulizokuwa tumezikata wiki ile, nyingine tulizishona upya zikawa sketi na mitandio ya kina mama waliotoka kwenye tope na nguo ya kulalia tu.

Sasa hiyo sentensi ya kwanza. Kweli, tahadhari ilitolewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema tangu Agosti 2023 kwamba vuli ile ingekuja na El Nino, mvua juu ya wastani, na Manyara ilikuwa ndani ya maeneo yaliyotajwa. Hatuna ugomvi na watu wa hali ya hewa. Walisoma mawingu yao sawasawa na mvua ikaja kama walivyosema. Ugomvi wetu ni juu ya safari ya hayo maneno, kutoka Dar es Salaam mpaka kwa mama aliyelala na watoto wanne pembeni ya korongo, chini ya mlima wa mita 3,420.

"Mvua juu ya wastani" ni maneno ya mtu mwenye kipimo. Mkulima akiyasikia anafurahi, ataongeza ekari ya mahindi. Hayakumwambia mtu yeyote kwamba mlima unaweza kuteremka. Hayakusema ni kitongoji kipi kihame usiku, kwa njia ipi, kiende shule ipi, nani ana ufunguo wa shule hiyo, na nani atambeba bibi asiyetembea. Sisi washonaji tunajua: mteja akikuambia "nishonee nguo nzuri" hajakupa oda. Oda ina kipimo cha kifua, urefu, rangi na siku ya kuchukua. Tahadhari bila mahali na bila amri ni oda isiyo na vipimo, na mwisho wa siku anayelaumiwa ni aliyevaa.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Umoja wa Mataifa nao ulitangaza mwaka huohuo kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema. Vizuri. Basi tuulize swali dogo la jikoni: kwenye kamati ya kijiji chako, mwanamke ni nani? Anaitwa nani? Ukigonga mlango wake saa tisa usiku anajua la kufanya? Huku tumewauliza wanawake wanaokuja kupima nguo, mmoja mmoja, kama wanaijua kamati hiyo. Wengi walidhani tunawauliza habari za vikoba.

Hapa ndipo tunapokuwa wakali, mtusamehe. Anayeijua hatari kabla ya kila mtu ni mwanamke. Nani huenda kwenye chemchemi alfajiri? Mlima ukitaka kuporomoka mara nyingi hutoa dalili, na dalili nyingi ziko kwenye maji na kwenye kuta: chemchemi iliyokuwa safi inageuka tope bila sababu, kijito kinapungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, maana yake huko juu kumeziba na maji yanajikusanya, nyufa mpya zinajitokeza ardhini au ukutani, mlango uliokuwa ukifunga vizuri unagoma, miti inalala upande mmoja, mngurumo unasikika ambao si radi. Hayo yote huonwa na mtu wa ndoo na ufagio. Lakini akishayaona amwambie nani? Akimwambia mume, mume anasema atalala akiangalia. Akienda kwa mwenyekiti wa kitongoji, anaambiwa arudi na mumewe. Taarifa inafia njiani na mwenye taarifa naye anafia ndani.

Tukija kwenye sentensi ya pili, tunajua wako watakaotuambia tunaingilia mambo ya masheikh. Hatuingilii. Tunakumbusha jambo ambalo masheikh wenyewe hutufundisha. Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuwa huko kuna tauni, alishauriana na watu wake kisha akageuza msafara. Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia qadari, naye akajibu kwamba anaitoka qadari moja ya Mungu na kuingia nyingine. Tazameni hapo: habari imefika kabla, watu wameshauriana, uamuzi umetolewa siku ileile, msafara umegeuka. Hiyo ni tahadhari iliyofanya kazi, miaka zaidi ya elfu moja kabla ya simu. Qadari inasemwa baada ya mtu kufanya lililo juu yake. Anayeisema kabla ni mvivu aliyevaa kanzu.

Na ruhusa? Mada hii inawahusu zaidi nyinyi maharusi. Tumesikia, na tunaamini nanyi mmesikia, wanawake wakisema: "Mume wangu hayupo, siwezi kutoka usiku." Dada, vitabu vya fiqhi ya Kishafi, hivyo vinavyosomeshwa huko kwenu Unguja na Pemba tangu enzi za mabibi zetu, vimelieleza zamani: nyumba ikitaka kumwangukia mke, anatoka, wala hahesabiwi kuwa amemwasi mumewe. Muulize ustadhi wako leo kukiwa kikavu. Usisubiri kuuliza maji yakiwa magotini.

Tusidhani ni jambo la huku porini tu. Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu, kimbunga cha Aprili 1991 kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Waliochunguza walikuta mambo ambayo kila mmoja wetu anayatambua bila kusoma kitabu: waliokuwa wakimsubiri mume arudi atoe neno, walioona haya kuingia kwenye jengo la kujikinga lenye wanaume watupu wasio maharimu, waliotingwa na nguo ndefu na watoto mikononi. Onyo lilikuwepo. Redio ilisema. Kilichobadilishwa baadaye ni hayo mambo madogo: majengo mengi zaidi, vyumba vya wanawake na vyoo vyao, na wanawake wa kujitolea wanaogonga milango kwa wanawake wenzao, mpaka leo karibu nusu ya wale wajitoleaji zaidi ya 70,000 ni wanawake. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020 walihamishwa watu zaidi ya milioni 2, na waliokufa Bangladesh walikuwa makumi, si maelfu. Wale ni maskini kama sisi. Wanavaa stara kama sisi. Hakuna aliyewavua hijabu ili waokoke.

Na msiende mbali, tazameni bahari yenu. Kimbunga Hidaya kiliponyemelea Mei 2024, boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Watu walinung'unika, bila shaka na maharusi wawili watatu walichelewa. Ila yale yalikuwa maneno yenye mkono: safari hakuna, rudi nyumbani. Visiwani mlishalipa gharama kubwa kuufikia uzito huo, mnaijua Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012, hatuhitaji kuwasimulia. Sisi tunauliza tu kwa nini bahari ipate amri na mlima upate utabiri. Meli ina nahodha na bandari ina mkubwa wake. Korongo la Katesh usiku ule halikuwa na mwenyewe.

Tunakiri serikali imejenga. Nyumba zaidi ya 100 zimejengwa Waret kwa waliopoteza makazi, na tunawaombea baraka waliopewa. Lakini hatutaki kusifiana kwa matofali huku tunasahau filimbi. Nyumba moja ina bei ya filimbi, tochi na vipaza sauti vya kata nzima, na chenji inabaki.

Tena tuna lingine la kuwaambia wanaume wa msikiti, kwa heshima zote. Kile kipaza sauti juu ya mnara kinasikika mpaka ng'ambo ya mashamba, na kinaamsha watu alfajiri kila siku ya Mungu. Kanisa nalo lina kengele. Simu usiku imezimwa au iko chaji kwa jirani, na ujumbe mfupi hausomwi na asiyejua kusoma, lakini sauti ya msikiti kila mtu anaijua, Mwislamu na asiye Mwislamu. Kwa nini isikubaliwe kijijini, kwa maandishi, kwamba sauti ya namna fulani usiku maana yake ni kutoka? Siku ya majaribio itangazwe, watu watembee kweli mpaka shuleni, wahesabiwe, na wanawake waonyeshwe chumba chao. Mkitucheka kwamba tunakimbia jua likiwaka, chekeni. Nabii Nuhu naye alichekwa akijenga jahazi nchi kavu.

Kwa maharusi, ambao ndio mnaotulisha. Kungwi wako akikufundisha namna ya kufukiza udi na kutandika kitanda, mwambie aongeze somo. Unaolewa uende wapi: bondeni, pembeni ya korongo, chini ya mlima, ufukweni? Uliza kabla ya posa kurudi, maana unauliza mengine yasiyo na uzito huo. Kando ya kitanda weka dera moja zito, mtandio wa kuvaa bila pini, viatu vya kufunga na tochi. Sisi tumeanza kushona dera hilo likiwa na mfuko wa ndani wenye zipu, unatosha kitambulisho, cheti cha ndoa, simu na fedha kidogo. Halipendezi kwenye picha, tunajua, na hatulitangazi kwa picha. Linavaliwa gizani kwa kupitisha kichwa mara moja, mikono miwili ikabaki ya watoto.

Na mume mtarajiwa akikuuliza unataka nini zaidi ya mahari, mwambie atamke mbele ya mawalii kwamba mvua ikizidi na yeye hayupo, unatoka bila kumpigia simu.

Mikutano ya vijiji huitishwa na mtendaji, na huko kwenu shehia ina sheha wake. Tunawaomba mwende kabla ya mvua, mwende wengi, mwende na watoto mgongoni, na muulize maswali matatu tu: tunatoka tukisikia nini, tunakwenda wapi, na mwanamke gani ana ufunguo. Sisi Balangdalalu tutauliza hivyohivyo. Kipaza sauti kipo, na betri yake ipo. Bado halijaandikwa popote jina la mtu anayeruhusiwa kukiwasha usiku bila kumsubiri imamu aamke.