MIZANI MBILI KATIKA DUKA MOJA



Tumeambiwa tena na jamaa wa chama kinachotawala kwamba sisi ni watu wa maneno tu, na kwamba mwenye dai aende mahakamani. Neno hili lina sura nzuri, na asiye na khabari hulipokea. Twaona ni wajibu lijibiwe.

Tarehe 25 Oktoba 2015 mpiga kura wa Unguja na Pemba alikwenda kupiga kura siku moja, akapewa karatasi za Muungano na karatasi za Zanzibar. Siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitokea katika televisheni ya serikali akatangaza kwamba uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Kura za Muungano za watu wale wale zilihisabiwa, zikasihi, na kesho yake Rais wa Muungano akatangazwa. Ajabu gani hii! Mkono mmoja, kalamu moja, karatasi hii halali na ile haramu. Sisi tulio madukani twazijua khabari za mizani, na kila aliyekaa chuoni amesomeshwa Suratul Mutaffifin, akajua wapunjao vipimo wameahidiwa nini. Lakini hata mpunjaji hana ujasiri wa kuweka mizani mbili juu ya meza moja, mbele ya macho ya mnunuzi.

Haya, tuitazame hiyo mahakama. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imetaka kila uamuzi wa Tume uungwe mkono na wajumbe walio wengi. Na wakatokea wajumbe wakasema hadharani kwamba hawakushirikishwa. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 34, ikaizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa mtu aliyekwisha kutangazwa na Tume kuwa Rais. Basi twaambiwa tukapige hodi katika nyumba iliyozibwa mlango kwa mawe na chokaa! Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF iliyokuwa ngome ya upinzani ikasusia, na Dokta Shein akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 91.

Na magazeti je? Kifungu cha 18 kimempa kila mtu haki ya kutoa maoni yake. Lakini gazeti la Dira, lililoanza mwaka 2002 chini ya mhariri Ali Nabwa, lilifungiwa na serikali Novemba 2003, kwa sheria ya magazeti ya mwaka 1988. Likaitwa la uchochezi. Neno hili si geni visiwani: mwaka 1954 Waingereza waliwashitaki viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa uchochezi, kwa makala ya gazeti lao la Al-Falaq. Mkoloni alikwenda zake, na kamusi yake akawaachia warithi.

Sasa tuseme na wenyewe kwa wenyewe, wala asikasirike mtu. Wapo miongoni mwetu, tumewasikia barazani kwa masikio yetu, wanaosema kwamba siku tukipata dola tutaifunga redio yao na magazeti yao, nao waonje. Haya si maneno ya watu wanaodai haki. Ni maneno ya watu wanaongoja zamu. Serikali ya ZNP na ZPPP, iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba 1963, ilikipiga marufuku chama cha Umma katika siku za mwanzo za Januari 1964. Tarehe 12 ya mwezi ule ule ikaanguka. Walioipindua nao wakavifuta vyama vyote isipokuwa chao, na nchi ikakaa hivyo mpaka 1992. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila mmoja aliiita sheria.

Kwa hiyo twapendekeza kila tawi, katika mkutano wake ujao, lijadili na kuandika azimio: kwamba serikali yoyote itakayoundwa na chama chetu haitafunga gazeti wala redio kwa amri ya waziri, hata ikiwa inatutukana mchana na usiku. Asiyeridhika na aende mahakamani, na mlango tuwe tumeufungua sisi wenyewe kwanza.

Makatibu wa matawi wayalete maazimio kwa maandishi. Nakala hii ikishasomwa ipelekwe nyumba ya pili, kwani karatasi ni chache.