Filta Iliyojificha Nyuma ya Injini

WENYE magari wengi hapa jijini hujivunia kwamba oili ya gari lao hubadilishwa kila baada ya kilomita 5,000 bila kukosa. Waulize kuhusu filta, watakujibu kwamba fundi aliibadilisha. Lakini waulize ni nani aliyeiona ile ya zamani ikitolewa, na hapo ndipo utakapoona mtu akikuna kichwa.

Kumwaga oili kuukuu ni kazi ya bolti moja. Filta ni kisa kingine. Katika magari mengi imebanwa mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi, na si siri kwamba wapo mafundi ambao wakilemewa huipangusa ile ya zamani ikang'aa, kisha wakamkabidhi mwenye gari kisanduku kitupu cha ile mpya. La kuudhi ni kuwa hutajua. Filta nyingi zina vali ndani yake ambayo hufunguka chujio likiziba, ili injini isikose oili kabisa. Kwa hivyo gari litaendelea kunguruma vyema na taa nyekundu ya oili haitawaka, ilhali oili uliyoilipia inazunguka bila kuchujwa na vumbi la chuma linazidi kusaga beringi.

Mfano mzuri ni Honda CR-V za mwanzo, zile za miaka ya 1990 ambazo bado ziko barabarani. Filta yake imelala nyuma ya injini, imeelekea ule ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ukifungua boneti hutaiona. Subaru za zamani nazo, Forester na Legacy, filta iko chini, imeelekea ardhini, lakini imezungukwa na mabomba ya ekzosi ambayo hayana huruma kwa mkono wa mtu. Pengine kampuni hiyo ilisikia kilio cha wateja, maana katika injini zake za FB zilizoanza mwaka wa 2010 filta ilihamishiwa juu, mbele kabisa.

Ikiwa umeamua kujifanyia kazi hii nyumbani, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likalie stendi za chuma, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa vizuizi. Mawe ya kujengea yasitumiwe hata kidogo, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Washa injini dakika chache tu ili oili ilegee, kisha uizime na usubiri. Oili vuguvugu hutiririka vizuri, lakini ekzosi ikiwa moto utaungua kabla hujaigusa filta. Mwenye CR-V akate usukani hadi mwisho ili gurudumu la mbele lipishe mkono. Mara nyingi njia ya kupitia nyuma ya gurudumu ni fupi kuliko ile ya kulala chali.

Sasa tuje kwenye kosa linalowatoa watu jasho. Kila mtu anajua kwamba kufungua ni kuzungusha kushoto. Ndiyo, lakini ni kushoto ukiwa umeitazama filta kwa upande wake wa chini, ule uliofungwa. Ukiifikia kwa nyuma, kwa kupapasa, mambo hugeuka. Watu wenye nguvu zao wamewahi kuikaza filta kwa nusu saa wakidhani wanaifungua. Dawa yake ni rahisi. Chukua filta mpya, ishike jinsi ile ya zamani ilivyolala, kisha uchore mshale kwa kalamu kuonyesha inakozunguka ikifunguka. Weka mshale huo mahali unapouona, kisha ndipo uupenyeze mkono.

Anza kwa mkono mtupu uliovaa glavu ya mpira. Ikiteleza, izungushie kipande cha msasa, upande mkwaruzo ukiigusa filta. Ikikataa bado, nunua spana ya kikombe inayolingana na filta yako. Maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road huwa nazo, ila beba filta mpya uipimie hapo hapo, kwani vikombe hutofautiana. Spana ya mkanda ni nzuri pia, lakini inataka nafasi ya kuzungusha mpini, na nafasi ndiyo usiyokuwa nayo.

Kuna ile mbinu maarufu ya kuitoboa filta kwa bisibisi na nyundo ili bisibisi iwe mpini. Mimi siipendi. Bati la filta ni jembamba, na likichanika utabaki na kitako kimeng'ang'ania injini bila pa kukishika. Ikikufikia hali hiyo, kuna njia ya kugonga ukingo wa kitako kwa tindo polepole kuelekea upande wa kufungua, lakini kwa asiye na uzoefu ni afadhali kumwita fundi pale pale nyumbani.

Ikishatoka, geuza filta uitazame. Je, ule mpira wake wa duara upo? Wakati mwingine hubaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, miwili hiyo haitashikana, na injini ikiwaka oili itatapikwa nje kwa dakika chache. Papasa kwa kidole, pangusa kwa kitambaa safi. Upake mpira mpya oili kidogo, funga kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko au kama kisanduku kinavyoagiza. Spana haihitajiki hapa. Wanaoikaza kwa spana ndio wanaomtesa atakayeifungua baadaye, na huenda ni wao wenyewe.

Rudisha bolti ya chini, tia oili, washa injini kwa dakika moja huku mtu mwingine akichungulia kama kuna matone. Zima, ngoja kidogo, kisha upime kwa kijiti na kuongeza, maana filta mpya nayo imekunywa yake.

Kwa wale watakaomwachia fundi, simama hapo hapo. Mwambie tangu mwanzo kwamba filta ya zamani utaondoka nayo.

Ama oili chafu, usiimwage kwenye mtaro wa ploti. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inakataza, na mtaro huo mwishowe huishia mtoni. Itie kwenye mtungi wa ile mpya, na uulize gereji iliyo karibu kama huipokea. Filta uiinamishe juu ya debe usiku kucha. Utashangaa asubuhi ni oili kiasi gani ilikuwa imebaki ndani.